Mikindani Ina Wenyewe

Mgeni akifika Mikindani, mji mkongwe wa bandari karibu na Mtwara, anapelekwa sehemu mbili: kwenye Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na siku hizi ni hoteli, kisha kwenye nyumba yenye kibao cha David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Anapiga picha mbili tatu, anarudi Mtwara mjini kula chakula cha mchana. Jambo hili linanikera tangu nikiwa mdogo, nikienda kwa bibi likizo.

Livingstone alishuka hapa Machi 1866 na ngamia wake na punda, akapanga mizigo, akashika njia ya kufuata mto Ruvuma. Basi. Alikuwa kama abiria anayesubiri gari stendi. Tena hakukuta pori. Alikuta bandari yenye watu wake na biashara zake, misafara ikishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na, tusifichane, watumwa. Hapo ndipo wazee hushusha sauti. Babu wa huyu aliletwa amefungwa, babu wa yule ndiye aliyemfunga, na wajukuu leo wanagombania kete za bao kwenye baraza moja. Mtu akitaka historia, mimi ningemketisha hapo, kahawa mkononi, asikilize nani anamtania nani na kwa nini.

Bandari yenyewe iliponzwa na kina cha maji. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na mradi wao mkubwa wa karanga, wakataka gati la meli kubwa, wakalijenga Mtwara na kuvuta reli hadi Nachingwea. Karanga zikawashinda, reli ikang'olewa, gati likabaki, na leo linapakia korosho. Sisi tukaachiwa madau na ngalawa. Wengine wanasikitika. Mimi naona ndiyo maana nyumba za matumbawe na chokaa bado zipo, hata kama nyingine zimebaki kuta tu na mbuyu umeota ndani.

Sasa nenda pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka mbali. Bibi yangu anajifunga kanga kiunoni, kichuma mkononi, anatembea juu ya mwamba ameinama. Mimi naona mawe tu. Yeye anaona mlango: shimo lenye maganda ya kaa na makombe yametupwa mbele, maana pweza ni mlaji asiyefagia uwanja wake. Anachokoa, anangoja, anachokoa tena, mara mkono mzima umezungukwa. Kisha kazi inakuwa yangu, kumpigiza kwenye jiwe mpaka alainike. "Piga, mjukuu wangu, huyo si yai!"

Mwamba huo huo ulikuwa ukipigwa baruti. Bibi anaikumbuka ile "tuu!" ya asubuhi, samaki wanaelea matumbo juu, na baada ya hapo miezi ya kutembea juu ya kifusi bila kuona shimo hata moja. Kwangu hiyo ni historia ya mji huu kuliko ngamia wa Livingstone, na haina kibao.

Kuna jingine. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa na mlango wa nakshi. Warithi walikuwa na mgonjwa, akaja mnunuzi na pesa taslimu. Pale palipokuwa na mlango sasa pana bati. Siwalaumu warithi. Nawalaumu tunaopita kila siku tukiwasimulia wageni habari za Livingstone bila hata kuuliza fundi wa mlango ule alikuwa nani, wala waliochoma chokaa ya kuta zile waliishi wapi.

Mwezi uliopita wageni walipita bibi akiuza pweza wa kukaanga kibarazani, pembeni ya sufuria la ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa. Mmoja akauliza, kupitia kwa anayewatembeza, kama Livingstone naye alikula pweza hapa. Bibi anamjua Livingstone vizuri sana, kibao chake kiko uchochoro wa pili. Akageuza kipande kimoja kwenye mafuta, akainua macho.

"Livingstone? Huyo mtoto wa nani?"