Genge la koboi lianzie zizini

Ukitaka kutunga genge la majambazi wa Magharibi ya Marekani, iwe ni kwa riwaya, katuni au mchezo wa kompyuta, anza na farasi. Jina la genge litakuja lenyewe. Hadithi nyingi za kikoboi zinatuletea jina la kutisha, kiapo cha damu na mkuu asiyeonekana uso, halafu ukiuliza hao watu arobaini wanakula nini na wanyama wao wananywa wapi, hupati jibu. Naona hadithi inafia hapo hapo, kabla risasi ya kwanza haijalia.

Magenge ya kweli yalikuwa madogo. Walioingia Northfield, Minnesota, kuiba benki tarehe 7 Septemba 1876, ndugu wa James na wa Younger pamoja na wenzao, walikuwa wanane. Walioivamia Coffeyville, Kansas, mwaka 1892 walikuwa watano. Uchache huo una sababu, na moja ni malisho. Jeshi la Marekani la enzi hizo lilimpangia kila farasi wa askari nafaka kilo 5 na nusu na nyasi kavu zaidi ya kilo 6 kwa siku. Watu wanane wenye farasi 12 wangehitaji kilo 65 za nafaka kila siku ya Mungu, na maji lita 30 hivi kwa kila mnyama. Farasi wa kula majani ya porini ataishi, ila lazima apewe saa nyingi za kuchunga, na ukimkimbiza siku tatu mfululizo atakuangusha. Sasa zidisha hayo kwa watu arobaini: bonde limeliwa likabaki udongo, njia imekanyagwa, na mwenye duka anajua fika nani kanunua magunia mangapi ya unga.

Tena farasi aliyebeba mtu mzima hawezi mbio za kasi kamili zaidi ya kilomita tatu au nne. Ndiyo maana kundi la Butch Cassidy, jambazi maarufu wa enzi hizo, liliweka farasi wa kubadilisha njiani kabla ya tukio. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Anayewashikilia farasi hao kwenye zizi lake analipwa, anaogopa, na pengine ana mke anayemuuliza mbona kuna wanyama wageni. Mpe jina mtu huyo, mpe na sura nzima.

Kisha pima mzigo. Sarafu ya dhahabu ya dola 20 ina uzito wa gramu 33.4. Septemba 1877, huko Big Springs, Nebraska, Joel Collins, Sam Bass na wenzao wanne walichukua kwenye treni dola 60,000 za sarafu hizo, mpya kabisa, zote zimepigwa chapa ya mwaka huo huo. Hizo ni sarafu 3,000, kilo 100. Wakagawana dola 10,000 kila mmoja, yaani karibu kilo 17 kwenye mifuko ya tandiko, juu ya mnyama ambaye tayari kabeba mtu na bunduki. Dola za fedha ni balaa zaidi: elfu moja tu ni kilo 26 na ushei. Mhusika anayerusha gunia la dola 50,000 begani na kuruka juu ya farasi hajawahi kushika sarafu.

Kuhusu mambo kwenda mrama, usimtafute sherifu shujaa. Vitu vidogo vinatosha. Kule Coffeyville barabara ilikuwa inatengenezwa na nguzo za kufungia farasi zilikuwa zimeondolewa, wale watano wakalazimika kuwafunga kwenye kichochoro. Walivaa ndevu za bandia, wakatambuliwa hivyo hivyo. Ndani ya benki keshia akawaambia kufuli la saa la sefu, lisilofunguka kabla ya saa iliyopangwa, halijafika wakati wake, wakakubali kungoja, na nje watu wakapata nafasi ya kuchukua bunduki. Wanne kati yao walifia hapo, na raia wanne pia. Kule Wilcox, Wyoming, Juni 1899, waliovamia treni walizidisha baruti, na behewa la mizigo likasambaratika pamoja na sefu.

Kwenye vyama vya siri ndiko watunzi wanakosea zaidi. Milimani Missouri, katikati ya miaka ya 1880, Nat Kinney alikusanya watu wa kaunti ya Taney juu ya kilima kisicho na miti, wakaitwa Bald Knobbers kwa sababu ya vilima hivyo vyenye upara. Walidai wanakomesha wauaji ambao mahakama imewaachia. Vinyago maarufu ni vya wenzao wa kaunti jirani ya Christian: kitambaa cheusi cha kufunika kichwa kizima, matundu ya macho na mdomo yamezungushiwa mshono wa rangi, na juu pembe mbili zenye vishada. Kinatisha kweli. Lakini mahali ambapo kila mtu anajua farasi wa jirani yake, sauti yake na anavyotembea, kinyago hakifichi mtu. Kazi yake ni kumpa jirani neno la kusema akiapishwa: sikumtambua. Siri yenyewe ni hiyo, na inadumu maadamu jirani yuko tayari kuisema. Wanachama wa Christian walipoua watu wawili Machi 1887, utayari huo ulikwisha. Wanachama wakatoa ushahidi dhidi ya wanachama, kikulacho ki nguoni mwako, na tarehe 10 Mei 1889 watatu wakanyongwa katika mji wa Ozark.

Chama kinahitaji pia sababu ya kuwepo, tena ya kushikika. Las Gorras Blancas, wale wa kofia nyeupe wa kaunti ya San Miguel, New Mexico, walianza mwaka 1889 kwa sababu ardhi ya malisho ya wote ilikuwa inazungushiwa seng'enge na wenye mitaji. Walipanda farasi usiku na kukata waya vipande vipande usirudishwe tena, na mwaka 1890 wakatangaza hadharani madai yao. Mkuu wa chama anayetaka "kutawala Magharibi" hanishiki. Mchungaji aliyefungiwa njia ya kwenda mtoni ananishika.

Na usisahau kwamba wizi ukifanikiwa, pesa bado inaweza kuwa mtego. Julai 1901, karibu na Wagner, Montana, watu wa Cassidy waliiba kwenye treni noti zilizokuwa zinapelekwa benki huko Helena. Noti za benki wakati ule hazikuwa pesa kamili mpaka zitiwe saini na rais wa benki na keshia wake, na hizi hazikuwa na saini. Namba zake zilijulikana, na Novemba mwaka huo Ben Kilpatrick alikamatwa St. Louis akiwa amezitumia. Ukiliandika tukio kama hilo, mkalishe mhusika wako mezani usiku, taa imepunguzwa, na noti mia mbele yake. Kila noti saini mbili, za majina mawili yasiyo yake, kwa miandiko miwili tofauti. Ikifika noti ya thelathini vidole vina wino, na ile herufi kubwa ya kwanza imeanza kufanana na anavyoandika jina lake mwenyewe.