Fundi, kabla hujapiga windo, itazame sekta ya kwanza

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, mafundi kompyuta wa Mtwara mjini nao hupata msimu wao. Mashine zilizolala miezi kadhaa kwenye ofisi za vyama vya msingi, kuanzia Nanyamba hadi Tandahimba na Newala, zinawashwa kwa pupa, na baadhi zinagoma kubuti. Skrini nyeusi, maandishi meupe yanayodai mfumo endeshi haupo, basi. Karani anaifunga mashine kwenye boksi, anapanda nayo kosta mpaka mjini, na jibu analijua hata kabla hajashuka: "Dada, hii ni ya kupiga windo tu."

Jibu hilo, likitolewa kabla ya kuipima diski, mimi naliita uvivu. Kupiga windo kwa mafundi wengi ni kufomati, yaani kuifuta diski na kuweka Windows upya, na ukifomati, majina ya wakulima, kilo za kila mmoja na hesabu za msimu uliopita vinakwenda na maji. Huku kilichoharibika huenda ni baiti 440 za mwanzo wa diski.

Tazama kinachotokea ukibonyeza kitufe. Kwenye mashine za BIOS ya zamani, ile programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya mfumo endeshi, BIOS ikishajikagua husoma sekta moja tu, ile ya kwanza kabisa, yenye baiti 512, na kuipakia kwenye kumbukumbu katika anwani 0x7C00. Huangalia baiti mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA, prosesa inarukia hapo na kutekeleza chochote itakachokikuta. BIOS haiulizi kama ni Windows au Linux, wala haijui faili ni nini. Huacha namba ya diski kwenye rejista ya DL (rejista ni hifadhi ndogo ndani ya prosesa), kwa kawaida 0x80 kwa diski ngumu ya kwanza, halafu inasubiri kuitwa kwa intarapti, yaani ishara ya kuomba huduma: 0x13 ukitaka kusoma diski, 0x10 ukitaka kuandika kwenye skrini. Yaliyobaki ni kazi ya butiloda, programu ndogo inayouita mfumo endeshi.

Na butiloda imebanwa kwelikweli. Ukihesabu kutoka sifuri, baiti ya 446 ndipo linapoanza jedwali la patisheni, yaani vigawanyo vya diski: safu nne za baiti 16, jumla 64. Kisha zile mbili, 55 na AA. Windows nayo imejitengea baiti nne kuanzia ya 440 kwa ajili ya namba ya kuitambulisha diski. Msimbo wako umebakiwa na baiti 440, na humo hakuna programu ya maana ya kusoma mafaili itakayoenea. Ndiyo maana GRUB, butiloda ya Linux, imejigawa. Kipande cha kwanza kinakaa hapo, na kazi yake ni kukileta cha pili, ambacho kimejificha kwenye nafasi tupu kabla ya patisheni ya kwanza. Siku hizi nafasi hiyo ni megabaiti moja hivi, kwa sababu patisheni ya kwanza huanzia sekta ya 2048. Zamani ilianzia sekta ya 63, na diski za aina hiyo bado zinakuja mezani.

Ukitaka kulielewa hili hadi mifupani, andika butiloda yako mwenyewe kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na prosesa. Mistari haizidi ishirini: sawazisha rejista za segimenti, weka steki, chapa herufi moja moja kwa AH=0x0E na intarapti 0x10, kisha izungushe prosesa palepale. Jaza sifuri mpaka baiti ya 510, umalizie na dw 0xAA55. Usishangae namba kugeuka. Prosesa za Intel huhifadhi baiti ndogo kwanza, hivyo kwenye diski itasomeka 55 AA. Igeuze kuwa msimbo wa mashine kwa programu ya NASM ukitumia -f bin, ijaribu ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima. Mashine ikikuandikia "Habari za Mikindani" bila mfumo endeshi wowote, hapo ndipo unapoacha kuiogopa diski.

Kuiweka kwenye diski halisi ni amri moja, na ni amri isiyosamehe:

dd if=buti.bin of=/dev/sdX bs=440 count=1

Ukiandika 512 badala ya 440 umefuta jedwali la patisheni. Ukikosea herufi ya diski (hiyo X) umeharibu diski nyingine, kwa hiyo orodhesha diski kwa lsblk kwanza. Na kabla ya yote, chukua nakala ya sekta nzima iwe faili la baiti 512, ambalo kwa ukubwa halifiki hata meseji nne za simu. Sijui kwa nini fundi aache kuliweka kwenye flashi yake kwa kila mashine inayoingia dukani.

Jedwali likiwa limeshafutika, mafaili bado yapo. TestDisk hupekua diski, ikatafuta mianzo ya patisheni na kuliandika jedwali upya. Ila diski ikianza kugongagonga ndani, acha kabisa mambo haya. Inyonye kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, mengine baadaye.

Najua nitaambiwa enzi za BIOS zimepita. Ni kweli kwamba Windows 11 inadai UEFI, mrithi wa BIOS, na UEFI haina habari na msimbo wa sekta ya kwanza. Husoma jedwali la GPT, aina mpya ya jedwali la patisheni, ikaingia kwenye patisheni ya FAT na kuendesha faili, mathalani EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Lakini kompyuta za mtumba zinazoshuka na basi kutoka Kariakoo bado zina BIOS, na hizo za UEFI zinanipa nguvu zaidi. Huko butiloda ni faili la kunakili tu, na GPT huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski. Windows yenyewe ina bootrec /fixmbr inayorudisha msimbo wa sekta ya kwanza (MBR) bila kugusa jedwali, na bcdboot kwa upande wa UEFI. Kufomati hapo utakutetea kwa lipi?

Nadhani sababu hasa ni hela, na hapa namwonea fundi huruma. Kupiga windo kuna bei inayojulikana, na mteja akiona skrini mpya inayong'aa analipa akitabasamu. Ukimrudishia mashine yake kwa dakika kumi na mafaili yake yote, anasema, "Mbona umebonyeza tu?" na anataka apunguziwe. Usimpunguzie. Ikibidi, mtoze zaidi ya windo, maana amelipia mafaili yake.

Ningekuwa na sauti kwenye mitaala ya ufundi, hapa Mtwara au kule Lindi, mtihani wa vitendo ungekuwa hivi: mwalimu anafuta baiti 440 za mwanzo wa diski yenye mafaili, anazima intaneti, anampa mwanafunzi flashi moja ya Linux. Mashine iwake, na kila faili likutwe lilipoachwa.