Makala za Sayansi na Lawama ya Kuishia na Swali

Makala za sayansi za televisheni hubebeshwa lawama moja kila mara: zinauliza maswali makubwa, zinamkalisha mtazamaji saa nzima, kisha zinamwacha palepale alipoanzia. Ulimwengu ulianzaje? Fahamu ni nini hasa? Je, tuko peke yetu? Muziki unapanda, darubini inageukia angani, msimulizi anashusha sauti, na majina ya watayarishaji yanaanza kupita kabla jibu halijatoka. Wanasayansi wengi hukunja uso. Walimu husema muda huo ungetumika kufundisha yanayojulikana. Watazamaji nao huzima televisheni wakinung'unika kwamba wamechezewa.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, nami nitaipa haki yake. Lakini naona imetupwa mahali pasipo. Kuishia na swali si kosa. Kosa ni kulichukua swali lililokwisha kujibiwa na kulifanya lionekane bado liko wazi. Anayezitia aina hizi mbili za makala kapu moja anazidhulumu zile zilizo bora kuliko zote.

Nianze na walalamikaji, maana ushahidi wao ni mzito. Mwaka 2012 chaneli ya Animal Planet ilirusha makala iliyodai kwamba mabaki ya nguva, yule kiumbe nusu mtu nusu samaki, yamepatikana. Wanasayansi walioonekana humo walikuwa waigizaji. Tahadhari kwamba hadithi ilikuwa ya kubuni ilipita upesi kwenye maandishi ya mwisho, wakati ambapo watu wengi wameshainuka. Maswali yakawa mengi hadi NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, ikalazimika kutamka kwamba hakuna ushahidi wowote wa viumbe wa namna hiyo uliowahi kupatikana. Chaneli haikurudi nyuma. Mwaka uliofuata ilirusha sehemu ya pili, ikatazamwa na watu wapatao milioni 3.6. Agosti 2013 chaneli ya Discovery ikafanya vivyo hivyo kwa megalodoni, papa mkubwa ambaye kwa makadirio ya sasa alitoweka kama miaka milioni 3.6 iliyopita. Ilimwonyesha kana kwamba bado anawinda baharini, na watazamaji walifika milioni 4.8.

Hapo hakuna cha kutetea, wala sitajaribu.

Kuna na makosa ya kimyakimya zaidi. Mwaka 1999 BBC ilionyesha mfululizo wake maarufu wa dinosauri, na ndani yake Liopleurodoni, mnyama wa baharini, akapewa urefu wa mita 25. Mifupa inayojulikana haifiki hata nusu ya hapo. Mtoto aliyeutazama hakuwa na namna ya kujua kipi kilitoka kwenye mfupa na kipi kilitoka kwenye kompyuta, kwa sababu picha ya kompyuta haionyeshi shaka. Kila kitu humo kina ngozi, kivuli na sauti kwa uhakika uleule. Tena kuna uhariri. Mwaka 2007 Channel 4 ya Uingereza ilirusha filamu iliyopinga kwamba binadamu ndiye anayelipasha joto tabianchi. Carl Wunsch, mtaalamu wa bahari aliyehojiwa humo, alilalamika kwamba maneno yake yalipangwa hata yakabeba maana asiyoikusudia, na mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, akakubali sehemu ya malalamiko hayo mwaka 2008. Mtu anahojiwa kwa saa kadhaa, zinatumika dakika chache, na anayechagua dakika zipi si yeye.

Kwa hiyo mwanasayansi akikataa mwaliko wa kuhojiwa, simlaumu. Ninapoachana naye ni pale anapohitimisha kwamba televisheni ingefaa kubaki na yaliyothibitika tu. Chukua swali moja ambalo liko wazi kweli: ulimwengu unatanuka kwa kasi gani? Kitabu cha shule kikiligusa hutaja umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, kikasonga mbele. Taarifa ya habari hulipa nusu dakika siku utafiti mpya unapotoka. Lipe saa nzima, ndipo utakapoelewa kwa nini linawakosesha wataalamu usingizi.

Njia ya kwanza ya kulijibu huanzia kwenye nuru ya kale kuliko zote tunazoweza kuzinasa, iliyoachiliwa miaka kama 380,000 baada ya ulimwengu kuanza. Mwaka 1964, mwaka uleule BBC ilipoanzisha Horizon, mfululizo wake wa makala za sayansi, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa New Jersey wakihangaishwa na mvumo ambao antena yao iliunasa popote walipoielekeza. Waliwashuku hata njiwa waliofanya makazi humo, wakasafisha kinyesi chao chote. Mvumo ukabaki. Ulikuwa ni mabaki ya nuru hiyo ya kale. Satelaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, iliipima kwa undani, na kutokana na vipimo vyake wanafizikia wakakokotoa kwamba ulimwengu unapaswa kutanuka kwa kilomita 67 hivi kwa sekunde, kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26.

Njia ya pili huanzia karibu na kwetu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, aliyekuwa akichunguza sahani za picha za nyota katika chuo cha Harvard, alionyesha kwamba nyota za aina ya sefeidi hung'aa na kufifia kwa mpangilio, na kadiri zamu hiyo inavyochukua siku nyingi ndivyo nyota yenyewe inavyokuwa na mwanga mkubwa zaidi. Ukishajua mwanga halisi wa nyota, ukaulinganisha na ule unaofika kwako, umbali wake unapatikana. Kutoka kwenye sefeidi unapanda hadi kwenye nyota zinazolipuka katika magalaksi ya mbali zaidi. Kikosi cha Adam Riess, mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2011, kilipanda ngazi hiyo kikapata 73.

67 na 73. Mtu akizisikia tarakimu hizo zikisomwa kwenye habari hawezi kujua kwa nini ni tatizo, kwa kuwa tofauti ni ya sita tu. Tatizo ni kwamba kila upande umeshapunguza mipaka ya makosa yake hadi pande hizo mbili hazigusani tena. Ikiwa 73 ndiyo sahihi na mengine yote yakabaki yalivyo, umri wa ulimwengu unapungua kwa karibu miaka bilioni moja. Ikiwa zote mbili ni sahihi, basi nadharia yetu ya jinsi ulimwengu ulivyokua tangu mwanzo ina pengo ambalo hakuna aliyelijaza. Ikiwa mojawapo imekosewa, kosa limejificha mahali ambapo mamia ya watu wenye ujuzi wamelitafuta bila kuliona. Mwaka 2024 kikosi cha Wendy Freedman, kikitumia darubini ya anga ya James Webb, kilipata karibu 70, katikati kabisa. Hapo wengine wakasema pengo huenda halipo. Wengine wakajibu kwamba nyota zilizopimwa ni chache mno.

Makala inayoishia hapo imemnyima nini mtazamaji? Imempa antena na kinyesi cha njiwa, sahani za Leavitt, na watu wawili waliobobea wasiokubaliana na bado wanaheshimiana. Ameona kwamba tarakimu katika kitabu imetoka mahali, imepimwa na mtu, kwa kifaa, kwa kudhania jambo fulani. Naliona hilo kuwa elimu kubwa kuliko kukariri 13.8. Mtu aliyeijua sayansi kama orodha ya majibu tu huyumba siku jibu linapobadilika, na hapo ndipo anayemwambia "wanasayansi hawajui lolote" anapompata kirahisi. Aliyeona jinsi shaka inavyopimwa ana kinga. Hatashangaa 67 ikiwa 69, na hatadhani kwamba kwa sababu kasi ya kutanuka inabishaniwa, basi kutanuka kwenyewe kunabishaniwa.

Hoja hii naing'ang'ania kwa sababu huachwa kila lawama zinapotolewa. Hofu ya walimu ni kwamba kuonyesha shaka kunawadhoofisha watu. Naamini kinachowadhoofisha ni kukutana na shaka kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayetaka kuwatapeli.

Makala ina jambo jingine ambalo maandishi hayaliwezi kwa urahisi. Mwaka 1996 Horizon ilirusha filamu ya Simon Singh kuhusu mwanahisabati Andrew Wiles na tatizo la Fermat, fumbo la hesabu lililodumu zaidi ya miaka 350. Wiles alitangaza suluhisho huko Cambridge Juni 1993, kisha kosa likaonekana ndani yake, na hakulirekebisha hadi Septemba 1994. Filamu inaanza naye akiwa amekaa mezani, karatasi zimemzunguka, akijaribu kueleza dakika ile alipoona njia. Sauti inamkatika. Anageuza uso, hawezi kuendelea. Wengi wetu hatuna uwezo wa kusoma hata ukurasa mmoja wa ushahidi wake, na filamu haijifanyi kutufundisha hesabu hizo. Inachotuonyesha ni gharama: miaka saba ya kufanya kazi kwa siri, kisha mwaka mmoja hivi wa kuhangaika na kosa lililoonekana ndani ya kazi yako. Anayesema makala hiyo haina sayansi ya kutosha anahesabu milinganyo peke yake.

Sasa pagumu. Filamu hupenda mtu mmoja anayesimama dhidi ya wote, na kalibu hiyo inawafaa wakweli na waongo sawasawa. Daktari Barry Marshall alikuwa mtu wa namna hiyo. Yeye na Robin Warren, huko Perth, Australia, walisema vidonda vya tumbo husababishwa na bakteria. Hawakusikilizwa, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua. Horizon ilisimulia kisa hicho mwaka 1994, miezi michache tu baada ya jopo la wataalamu wa Marekani kupendekeza wagonjwa watibiwe kwa antibiotiki. Mwaka 2005 wawili hao walipata Nobel. Mwandishi Graham Hancock naye amejiweka kwenye kalibu ileile. Novemba 2022 Netflix ilitoa mfululizo wake unaodai kwamba ustaarabu mkubwa ulipotea mwishoni mwa enzi ya barafu, huku wanaakiolojia wakichorwa kama watu wanaoficha ukweli. Jumuiya ya wanaakiolojia wa Marekani, SAA, iliandika barua ya wazi ikitaka mfululizo huo uainishwe kama hadithi za kubuni za kisayansi.

Mtazamaji aliye sebuleni atawatofautishaje? Wote wawili wanaongea kwa uchungu, wote wamekataliwa. Jibu ninaloliona ni kuangalia makala inamwonyesha nini baada ya kukataliwa. Kisa cha Marshall kina wagonjwa waliopewa dawa wakapona, na madaktari wa nchi nyingine waliorudia kazi hiyo wakapata matokeo yaleyale. Mfululizo wa Hancock unakwenda Gunung Padang huko Indonesia, unaonyesha mawe, unataja umri wa maelfu mengi ya miaka, kisha unasafiri kwenda mahali pengine. Utafiti uliodai umri huo ulichapishwa mwaka 2023 na ukaondolewa na jarida lenyewe mwaka 2024. Udongo uliopimwa haukuwa na chochote kilichouhusisha na kazi ya mikono ya watu. Udongo wa kale upo kila mahali. Hilo lingeelezwa kwa dakika mbili za filamu, kwa lugha ambayo kila mtu angeielewa.

Kwa hiyo ninachowadai watayarishaji ni kidogo kuliko wanachodaiwa na wengi. Wabaki na muziki wao na picha za angani. Waishie na swali wakitaka. Ila mtazamaji aambiwe swali hilo liko wazi kwa nani, ni wangapi wasiokubali, na ni kipimo gani kikifanyika kingelifunga. Kama kuna jambo la kubuni, liandikwe mwanzoni na lisomeke.

Na haki hiyo itolewe hata kwa aliyekosea. Novemba 1999 Horizon ilirusha filamu iliyoyachambua madai ya Hancock huyuhuyu na mwenzake Robert Bauval, ikayakataa. Wawili hao walikwenda kulalamika kwa Tume ya Viwango vya Utangazaji ya Uingereza. Tume ilizitupa hoja zao karibu zote, lakini moja ikaikubali: filamu ilimpa mwanaastronomia nafasi ya kupinga dai lao kwamba piramidi za Giza, huko Misri, zimepangwa kufuata nyota za Orion, ikaliacha jibu lao nje. BBC ikaihariri filamu upya na kuirusha tena Desemba 2000. Haikubadilisha hukumu yake juu ya ustaarabu uliopotea. Iliongeza jibu la Hancock na Bauval, na mtazamaji akapata kuupima ubishi wenyewe badala ya kuambiwa tu nani ameshinda.