Uwanja namba moja ni wa foleni

Pendekezo limerudi tena kwenye magrupu ya wachezaji wa pikoboli, ule mchezo wa wavu unaochezwa kwa vibao vya mkononi na mpira wa plastiki wenye matundu, hapa Arusha, na safari hii limeandikwa kwa lugha ya heshima: uwanja namba moja utengewe "wachezaji wa kiwango", uwanja namba mbili ubaki kwa wengine. Sababu zilizotolewa ni tatu. Wanaojua wanachoka kucheza na watu wasioweza hata kutaja pointi. Wao ndio walioianzisha klabu. Na wao ndio wanaobeba nguzo na kufunga nyavu kila wiki. Watu wengi wameliwekea dole gumba. Mimi nalipinga, na nitalipinga mpaka mkutanoni.

Tuanze na hesabu, maana kwenye mjadala mzima sijaona aliyeipiga. Chukua Jumamosi ya kawaida, saa moja hadi saa tatu asubuhi, watu 20, viwanja viwili, wanne kila uwanja. Wote wakipita kwenye foleni moja, nafasi ni nane kwa watu 20, kwa hiyo kila mtu anacheza kama dakika 48 kati ya zile 120. Sasa tenga uwanja mmoja kwa watu sita. Hao sita watacheza dakika 80 kila mmoja. Waliobaki 14 watagombania uwanja mmoja, na kila mmoja ataambulia dakika 34. Mchango wa siku ni uleule kwa wote.

Hizo dakika 34 nazo haziji kwa mkupuo. Mchezo wa pointi 11 unachukua kati ya dakika 12 na 15. Watu 14 wakiwa na uwanja mmoja, unacheza robo saa halafu unakaa benchi zaidi ya nusu saa. Foleni ikiwa moja kwa viwanja vyote viwili, unakaa dakika kama 20 tu. Mwezi wa Juni, jasho likiwa bado mgongoni na ukungu wa Meru haujaondoka, tofauti ya dakika 20 na 35 ndiyo inayoamua kama mama aliyepanda daladala mbili kutoka Ngaramtoni atarudi wiki ijayo. Hatalalamika. Ataaga vizuri, atasema asanteni wanangu, na hatumuoni tena.

Klabu ya kujitolea haiwezi kuvumilia hilo. Haina mfadhili wala mwajiriwa. Watu wanahamishwa kikazi, wanajifungua, wanaumia goti, na kila anayeondoka anaacha pengo kwenye zamu na kwenye mfuko wa mipira. Anayeziba pengo ni yule aliyekuja mwezi uliopita bila kibao wala raba za maana. Ukimfukuza kwa kumchosha benchi, baada ya mwaka unabaki na hao sita wenye uwanja wao, wananunua mipira wenyewe, wanafunga nyavu wenyewe, na siku wawili wakisafiri hakuna mchezo.

Mchezo huu wenyewe ulibuniwa kwa ajili ya kuchanganya watu. Mwaka 1965, kisiwani Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, Joel Pritchard na Bill Bell waliwatafutia watu wa nyumbani kwao kitu cha kucheza pamoja, wakubwa na watoto, kwenye uwanja wa zamani wa badmintoni, na rafiki yao Barney McCallum akaungana nao kutengeneza sheria na vibao. Wavu ulianzia juu kama wa badmintoni, ukateremshwa mpaka inchi 36. Jikoni, zile mita 2.13 kila upande wa wavu, pamewekwa ili mwenye nguvu asisimame pale na kumalizia kila mpira hewani. Tukianza kutenga viwanja kwa uwezo tunaubomoa mchezo kutoka ndani.

Kinachotukwamisha ni foleni mbovu. Vibao vinaegemezwa kwenye uzio, mtu anasogeza cha mwenzake, mwingine anaweka vinne vya rafiki zake ambao bado wako Kijenge wanasubiri daladala. Hapo kweli anayejua kucheza anakasirika, na ana haki. Dawa ni kichanja cha vibao, na fundi wa kuchomelea anakimaliza kwa siku moja.

Chukua bomba la mraba la inchi moja, urefu wa mita moja na nusu. Chomelea vipande 12 vya nondo ya milimita 10, kila kimoja kikichomoza sentimita 18, viwe jozi sita, na kutoka katikati ya jozi moja hadi katikati ya inayofuata sentimita 25. Nondo ziinuke kidogo kwa mbele ili vibao visiteleze. Vivishe vipande vya mpira wa maji wa nusu inchi, ili visichubue vibao wala kumtoboa mtoto jicho. Nafasi kati ya nondo mbili za jozi moja iwe sentimita 5, na ipimwe baada ya kuvisha mpira. Ukipima kabla, mpira unakula nafasi, na mshikio wenye gripu mbili hautapita. Kibao kinaning'inia mshikio chini, mabega yake yakikaa juu ya nondo, na vinne vinaingia kimoja nyuma ya kingine. Jozi moja ni mchezo mmoja. Kibanio chekundu cha nguo kinaonyesha jozi inayofuata kuingia. Wakishaingia, kibanio kinahamia jozi ya pili, na hakuna anayesogeza kibao cha mtu. Funga kichanja kwa waya kwenye uzio, usawa wa kifua, upande wa geti.

Sheria zake ni chache na zinatakiwa kubandikwa hapohapo. Unaweka kibao chako mwenyewe, ukiwa umeshaingia getini. Huanzi jozi mpya wakati iliyotangulia haijajaa. Hii ndiyo sheria muhimu kuliko zote, kwa sababu marafiki wanne wanaotaka kucheza wao kwa wao siku nzima wanautengeneza ule "uwanja wa wenye kiwango" bila kupiga kura. Asiyependa wanne aliopangwa nao anaruhusiwa kurukia jozi inayofuata mara moja tu kwa siku. Mchezo ukiisha, wote wanne wanatoka. Wanaosubiri wakiwa chini ya wanne, washindi wanabaki lakini wanatenganishwa, kila mmoja upande wake, na hakuna anayecheza zaidi ya michezo miwili mfululizo. Wanaosubiri wakizidi 16, mchezo unakuwa wa pointi 9 mpaka foleni ipungue.

Halafu mgeni. Malalamiko kwamba wageni hawajui kutaja pointi ni ya kweli, ila lawama ni yetu. Tunamkabidhi mtu kibao na kumwambia "utajua ndani", kisha tunashangaa akisimama jikoni anapiga mpira hewani. Kila siku ya mchezo awepo mkaribishaji mmoja ambaye nusu saa ya kwanza hachezi. Ana vibao vinne vya akiba na kona ya zege nje ya mistari. Dakika tano za kwanza ni kugusagusa mpira taratibu, kila mmoja akiwa nyuma tu ya mstari wa jikoni. Tano zinazofuata ni kuanzisha: adondoshe mpira chini, udunde, aupige kutoka chini kwenda mshazari. Kwa mgeni hiyo ni rahisi kuliko kuupiga kabla haujadunda, na sheria inaruhusu. Kisha afundishwe kwamba mpira wa kuanzisha lazima udunde upande wa pili, na wa kurudishwa udunde tena upande wa walioanzisha, ndipo watu wawe huru kuupiga hewani. Mwisho, namba tatu: pointi zetu, pointi zenu, mwanzishaji wa kwanza au wa pili, na kwamba mchezo unaanza sifuri, sifuri, mbili. Wengi wanachanganyikiwa na hiyo mbili ya mwanzo. Mwambie tu kwamba timu inayoanza inapewa mwanzishaji mmoja badala ya wawili ili isipate faida ya kuanza. Ataelewa na hatasahau.

Mwenye uwezo akipangwa na mgeni hapotezi muda akijua la kufanya. Afanyie kazi mpira wa tatu, yaani pigo la tatu tangu kuanzisha, ule wa kuudondosha polepole jikoni kwa wapinzani. Aamue kwamba leo anatumia upande wake dhaifu tu. Mchezaji ambaye kiwango chake kinaonekana akiwa na watatu wanaofanana naye tu, kiwango hicho bado kinahitaji kazi.

Nakubali kwa shingo upande kwamba mipira ya kasi haifundishwi na mgeni. Basi wenye kiwango wapewe saa moja, Jumatano jioni kuanzia saa kumi na nusu, viwanja vyote viwili. Mlango uwe wazi kwa yeyote anayepita jaribio lililobandikwa ukutani: mipira kumi ya kuanzisha, nane iingie, mipira kumi laini kwenda jikoni, saba itue humo, ataje pointi mchezo mzima bila kusaidiwa. Orodha isitoke mfukoni mwa mtu. Jumamosi ibaki ya foleni.

Na hoja ya nyavu. Wanaosema wamechoka kubeba nguzo peke yao wanasema kweli, na imewaumiza muda mrefu. Lakini kazi hiyo haimpi mtu hati ya kumiliki uwanja. Inagawanyika, kwa sababu yeyote anaweza kujifunza asubuhi moja. Wawili wa zamu wafike nusu saa kabla. Wafagie kwanza, hasa kiangazi, maana vumbi letu jepesi likikaa kwenye zege mguu unateleza na tepu ya mistari inabanduka kabla ya mchezo wa pili. Zege ikishafagiwa ipitishiwe kitambaa chenye unyevu na iachwe ikauke. Kwenye uwanja wa netiboli wa shule, mita 30.5 kwa 15.25, viwanja vyetu viwili vinakaa sambamba kwa urefu. Kila kimoja ni mita 13.41 kwa 6.10, na upana unabakiza mita 3.05 za kugawa sehemu tatu, yaani kama mita moja kila pembeni na moja katikati. Ni finyu. Ndiyo maana mpira ukiingia uwanja wa jirani mtu yeyote anapaza sauti "Mpira!" na wote wanasimama, hata kama mlikuwa mnamalizia pointi ya ushindi. Baada ya kuvuta kamba, pima mshazari wa kona hadi kona: zote mbili zisome mita 14.73. Zikitofautiana, uwanja umepinda, usibandike tepu. Wavu uwe sentimita 91.4 kwenye nguzo na 86.4 katikati. Katikati ndipo panapoharibika, kwa sababu kamba inalegea kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo pima tena saa mbili. Nguzo za bomba zilizosimikwa kwenye tairi lenye zege zinainamia ndani ukivuta sana. Zikaze kwa kamba ya nyuma, msiongeze mvuto wa wavu.

Kila aliyekuja mara nne aingie kwenye orodha ya zamu, mwenye kiwango na asiye na kiwango. Ufunguo wa stoo uwe na nakala mbili kwa watu wawili wasiokaa mtaa mmoja.

Mengine kwa kifupi. Fedha zishikwe na watu wawili na hesabu iwekwe kwenye grupu kila Jumatatu. Mipira iwe ya matundu 40, na asubuhi za baridi ikaguliwe kwa kuminywa kwenye mshono, maana ndipo ufa unapoanzia. Anayefikiria kuanzisha klabu Moshi atakutana na shida ya kinyume, mpira kulainika kwa joto, basi aanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Masika isiwe sababu ya kuvunja zamu: zege lililolowa halichezewi, lakini wa zamu afike, aangalie, atangaze kabla ya saa kumi na mbili na nusu ili watu wasitoke Sakina bure.

Katiba tunayoiandaa kwa ajili ya usajili bado haijafika kwa Afisa Michezo wa halmashauri. Kwa hiyo kuna nafasi ya kuongeza kifungu kimoja: kila aliyelipa mchango wa siku ana nafasi sawa kwenye viwanja vyote, kwa utaratibu wa foleni, isipokuwa saa iliyotajwa ya Jumatano. Kabla ya kupiga kura, kichanja kichomelewe na kitumike Jumamosi nne. Kila Jumamosi mtu mmoja aandike daftarini majina ya waliokuja kwa mara ya kwanza na waliorudi. Daftari hilo liletwe mkutanoni, lisomwe kwa sauti, ndipo wanaotaka uwanja namba moja wao peke yao wanyooshe mikono.