Bibi harusi asiyetabasamu

Picha ya zamani ya harusi ya hapa Uganda ikirushwa kwenye WhatsApp, haichukui muda mtu ataandika: "Huyu alilazimishwa." Ushahidi wake ni uso. Bibi harusi amekaza midomo, macho chini, amesimama kando ya mume aliyeketi kama chifu.

Suala la kiti lina uzito. Mpiga picha ndiye aliyewapanga, lakini wateja waliona sawa mume akae, mke asimame. Na wasichana waliozwa bila kuulizwa, mahari wakijadili wanaume. Hilo halina ubishi.

Uso ndio unaosomwa vibaya. Wapo wanaoutetea kwa kusema kamera za zamani zilichukua muda mrefu kunasa picha. Hilo halisaidii kwa picha za miaka ya 1950, wakati filamu na taa za studio zilinasa mtu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Angetaka kutabasamu, angetabasamu. Ila binti wa Kiganda aliyeondoka kwao akichekacheka angeonekana amefurahi kuwaacha wazazi. Kuinamisha macho ni heshima, na siku ile ukoo mzima ulimtazama. Halafu tazama wengine: bwana harusi kakaza uso, wapambe vilevile, hata mtoto wa maua. Mbona hakuna anayesema bwana harusi alilazimishwa?

Kuna picha moja niliyoonyeshwa Jinja ambayo naifikiria sana. Ncha za glavu za bibi harusi zimelegea, hazina vidole ndani: ni za kuazima. Nyuma, chini ya muhuri wa studio, mtu ameandika kwa penseli "nakala 6". Picha ya studio haikuwa rahisi, na hawa waliagiza sita za kugawia jamaa. Mimi hapo naona watu wanaojivunia siku yao.

Jambo jingine husahaulika. Picha nyingi za studio ni za ndoa ya pete, yaani ya kanisani, ile ya mke mmoja iliyowekewa sheria mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, siku ambayo bibi harusi huvaa gomesi, gauni la asili, na shangazi yake ndiye mwenye usukani, haikupigwa picha mara nyingi. Kwa hiyo anayehukumu nafasi ya mwanamke kwa picha ya kanisani anahukumu nusu ya harusi.

Waliolazimishwa walikuwepo. Kesi zao zimo katika majalada ya mahakama za zamani, na bibi zetu walio hai wanazisimulia wakiulizwa. Tuanzie kwao.