Toeni buku, majarida ya hadithi yaishi

Wapo watu hapa Tanzania ambao ukiwaambia walipie jarida la fasihi la mtandaoni watakutazama kama umechanganyikiwa. Usiku huohuo wanatuma buku kwa M-Pesa ili waunganishwe kwenye grupu la WhatsApp, wamalizie hadithi ya jini aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kariakoo. Mwandishi ameweka sehemu tatu za mwanzo bure Facebook, ya nne kaikatisha pale mlango wa chumbani unapofunguka wenyewe, na chini kaandika: "Itaendelea. Kuipata yote ni 1,000 tu, njoo inbox." Na watu wanakwenda.

Siwacheki. Tabia ya kulipia hadithi za ajabu tunayo, tena ya siku nyingi. Tulikuwa tunanunua magazeti ya udaku kwa ajili ya kipande kimoja tu cha riwaya ya misukule, mengine yote yakaishia kufungia vitumbua. Tusichokizoea ni kuipeleka hela hiyo mahali ambapo hadithi inapita kwanza mikononi mwa mhariri.

Nina maana ya majarida kama Omenana, lililoanzishwa Nigeria mwaka 2014 na Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu kwa ajili ya hadithi za kisayansi, za fantasia na za kutisha zinazotoka Afrika. Au Strange Horizons, ambalo lipo mtandaoni tangu mwaka 2000, linaendeshwa na watu wanaojitolea na kila mwaka linapitisha bakuli kwa wasomaji wake. Au Clarkesworld la Mmarekani Neil Clarke, lililoanza 2006. Yote haya unayafungua kwenye simu na kusoma bila kulipa hata senti, ndiyo maana wengi tunaamini hayana gharama.

Tupige hesabu basi. SFWA, chama cha waandishi wa fani hii kilichoko Marekani, kinahesabu kuwa malipo ya kitaalamu yanaanzia senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 5,000 ni dola 400, karibu milioni moja kwa hela yetu. Kwa buku buku, hao ni wasomaji elfu moja wa hadithi moja! Bado hujamlipa aliyechora jalada, bado hujalipia tovuti, na mhariri hujamgusa kabisa, maana mara nyingi yeye hapati kitu.

Huyo mhariri ndiye ninayemlipia mimi. Chukua hadithi ya binti wa Bagamoyo anayegundua kuwa mtumbwi wa marehemu babu yake unasafiri kurudi miaka ya nyuma. Kurasa tatu za mwanzo mwandishi anatueleza ukoo mzima, nani alimuoa nani. Mhariri anayejua kazi yake hamwandikii "hongera, una kipaji." Anamwambia aanze pale mtumbwi unapogusa mchanga na binti akitazama juu haoni mnara wa simu. Halafu anamuuliza: kama mtumbwi umerudi nyuma miaka sitini, hiyo simu yake ya mkononi inaonyesha saa ngapi? Na babu, alikuwa anajua? Kama alijua, kwa nini alikufa maskini wakati angeweza kwenda kununua viwanja vya Masaki kwa bei ya kutupa? Swali moja la namna hiyo linakukosesha usingizi, na hadithi ikirudi kwa mhariri inakuwa imeshiba. Grupuni hakuna wa kuuliza. Sehemu ya 38 inaandikwa asubuhi na kutumwa mchana, na mganga aliyezikwa sehemu ya 12 unamkuta anakunywa chai. (Niliwahi kulihoji hilo. Admini akaniondoa, na buku langu halikurudi.)

Kazi hiyo ya kusoma na kuchambua imezidi kuwa ngumu. Februari 2023 Clarkesworld lililazimika kusimamisha kwa muda kupokea miswada, kwa sababu watu walikuwa wanalimwagia hadithi zilizotungwa na akili mnemba. Mwezi haujaisha, zilishapita 500. Wengi wa waliozituma hawakuwa na haja na fasihi, walikuwa wameambiwa mtandaoni kuwa hapo kuna hela ya haraka. Clarke alisema wazi kuwa anahofia vizuizi vitakavyowekwa kila mahali vitawaumiza waandishi wachanga na wa nchi za mbali, yaani sisi. Mwaka huohuo Amazon ikafunga huduma yake ya usajili wa majarida kwenye Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu, na majarida kadhaa yakaanza upya kuwatafuta wasomaji waliokuwa wakilipa kupitia huko. Mfereji mmoja wa hela ukifungwa na mtu ambaye hata hajui unachapisha nini, unabaki unahangaika.

Kuna atakayesema waende kwa wafadhili. Sawa, lakini Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu. Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, lilikuwa jarida zito kuliko mengi ya wakati wake. Baadaye ikaja kujulikana kuwa taasisi iliyokuwa ikilisaidia, Congress for Cultural Freedom, ilikuwa inalishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Neogy akabaki na kazi ya kujieleza. Msomaji anayetoa buku hana ajenda kubwa hivyo. Anataka hadithi tu.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kwa nini nimpelekee Mmarekani hela yangu? Kama linakukera, mpe Omenana. Lakini majarida haya ya nje hayamtozi mwandishi ada ya kutuma hadithi, na akikubaliwa wanamlipa kiwango kilekile wanachomlipa mtu wa Chicago. Wole Talabi wa Nigeria aliingia orodha fupi ya Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2018 kwa hadithi iliyotoka Lightspeed, jarida jingine la Marekani. Ukikutana na jarida linalomdai mwandishi hela ili hadithi yake isomwe, hilo usilichangie, likimbie.

Mimi kiu yangu kubwa ni jarida kama hayo kwa Kiswahili. Asiniambie mtu kuwa fani hii ni ya Wazungu. Shaaban Robert alituandikia nchi iliyoko angani tangu 1951. Wala si kwamba haiwezekani. Jarida la Nairobi liitwalo Jalada lilitoa toleo zima la hadithi za Afrika ya kesho mwaka 2015, na 2016 likachapisha hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa lugha zaidi ya thelathini.

Kwa anayetaka kuanza leo: Patreon, tovuti ya kuchangia kazi kama hizi, inataka kadi, na kadi ya mtandaoni unaitengeneza humohumo kwenye M-Pesa. Ukiweza, lipia mwaka mzima kwa mkupuo, maana makato ya dola moja moja kila mwezi yanakera. Chagua jarida moja tu, usijitie ukarimu wa matano halafu mwezi wa pili ukayafuta yote. Kusambaza linki peke yake si mchango, ingawa ni bora kuliko kukaa kimya.

Na nyie wahariri wa huku kwetu mnaotaka kuanzisha, msituwekee kitufe cha PayPal peke yake. Wekeni lipa namba, kubwa, juu kabisa ya ukurasa, na chini ya kila hadithi muandike mwandishi alilipwa shilingi ngapi.