Waasisi wa opera ya anga: wapimwe kwa kipimo gani?

Mwezi Agosti 1928 jarida la Kimarekani Amazing Stories lilitoa sehemu ya kwanza ya The Skylark of Space ya E. E. Smith. Mwezi huohuo jarida la Weird Tales likaanza Crashing Suns ya Edmond Hamilton. Kabla ya hapo hadithi za vyombo vya anga kwa kawaida ziliishia mwezini, Mars au Zuhura. Smith na Hamilton waliwatoa wasomaji nje ya mfumo wa jua na kuwapeleka kwenye nyota nyingine, kwenye vita vya majeshi makubwa. Mwaka 1941 shabiki mmoja, Wilson Tucker, aliibandika aina hii ya hadithi jina la opera ya anga kwa kuidharau, na dharau hiyo haijaisha. Kuna wanaosema ni takataka za magazeti ya bei nafuu, na kuna wanaosema bila hizo bunilizi ya kisayansi tunayoijua isingekuwepo.

Shitaka linalorudiwa sana ndilo dhaifu kuliko yote: kwamba fizikia yake ni mbovu. Ni kweli, Smith alijua anavunja sheria. Shujaa wake Seaton anapogundua kuwa amepita kasi ya mwanga, anajibu kwamba maneno ya Einstein ni nadharia na anachokiona mbele yake ni kipimo. Smith alikuwa mkemia mwenye shahada ya udaktari, kazi yake ikiwa mchanganyiko wa unga wa donati, kwa hiyo hatuwezi kusema aliteleza kwa kutojua. Swali la haki ni kama mwandishi, akishabuni kanuni yake, anaiheshimu.

Hapo Smith anastahili sifa kuliko anazopewa. Katika Galactic Patrol, riwaya ya kwanza kuchapishwa ya mfululizo wake wa Lensman, iliyotoka kwenye jarida la Astounding kuanzia Septemba 1937 hadi Februari 1938, chombo kinafutiwa inesha, yaani ile tabia ya kitu kung'ang'ania mwendo kilio nao. Kikishafutiwa, hakihitaji muda wa kuongeza kasi: papo hapo kinafikia mwendo ambao msukumo wa injini unalingana na ukinzani wa chembe chache zilizotawanyika angani. Kanuni hiyo moja inazaa mengine. Kati ya galaksi na galaksi, ambako chembe hizo ni haba zaidi, chombo kilekile kinakwenda kasi zaidi. Kikigonga sayari, kinasimama tu bila kudhurika. Lakini mwendo wake wa asili haujapotea. Inesha ikirudishwa, mwendo ule unarudi wote, na upande uleule. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka chombo kimoja hadi kingine lazima kwanza mwendo wake wa asili ulinganishwe na wa wenyeji wake, kazi inayokula muda, la sivyo atapondwa ukutani mara inesha inaporudi. Katika Gray Lensman (1939–1940) kanuni hiyohiyo inageuzwa silaha: sayari mbili zenye mienendo inayopingana zinasogezwa pande mbili za Jarnevon, ngome ya adui, kisha zinarudishiwa inesha. Msomaji makini anaweza kuliona pigo hilo likija, na huo ni ufundi halisi wa kutunga.

Tatizo zito linaanzia hapohapo. Riwaya hizi ziligawanywa matoleo kwa matoleo, na kila mpya ilitakiwa kuizidi iliyotangulia. Gray Lensman inaanza na miale mikali kiasi kwamba kila shuti linaunguza mtambo wake, hivyo inabidi mitambo hiyo ipakiwe kama risasi. Punde zinakuja sayari za kurushwa, kisha jua zima linageuzwa chanzo cha mwale mmoja. Kufikia Children of the Lens (1947–1948) vipimo vimekufa ganzi. Maelfu ya vyombo yanaangamia katika sentensi moja, na msomaji anageuza ukurasa bila kushtuka.

Na ganzi hiyo inagusa maadili. Katika Skylark Three (1930) Seaton anaiangamiza sayari ya Wafenakroni, viumbe maadui zake, kisha anakifukuza chombo cha masalia wao hadi nje ya galaksi ili asibaki hata mmoja. Kitabu kinalihesabu hilo kuwa ushindi safi. Utetezi kwamba hizo ni fikra za zama zile ninaupokea nusu tu, kwa sababu Smith huyohuyo, miaka michache baadaye, alimpa nyoka mwenye mabawa Worsel na Nadreck wa sayari ya baridi kali hadhi sawa na ya shujaa wake binadamu. Aliweza kumwona mgeni kuwa mwenzake. Alichokwepa ni kuhesabu gharama ya vita.

Je, fomu yenyewe ilimzuia? Hamilton anatupa jibu. Huyu mtu aliyevunja sayari nyingi kiasi cha kupewa jina la mvunja dunia, aliandika pia What's It Like Out There?, kuhusu askari anayerudi kutoka Mars akiwa mgonjwa na kuwadanganya wazazi wa wenzake waliokufa kuhusu vifo vyao. Aliitunga mara ya kwanza miaka ya 1930 ikakataliwa kwa ukatili wake, ikachapishwa 1952. Uwezo ulikuwepo, wahariri ndio hawakuutaka. Mkewe Leigh Brackett, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1940, alikwenda mbali zaidi: shujaa wake Eric John Stark, aliyelelewa na wenyeji wa Utaridi, anawapelekea silaha wenyeji wa Zuhura wanaopigana na kampuni ya madini kutoka Dunia. Ndani ya fomu ileile ya mapigano na maajabu, anayeporwa ana uso. Kwangu Brackett ndiye hoja bora ya upande wa utetezi, na pia ndiye anayewanyima wengine kisingizio.

Anayetaka kuamua mwenyewe asianze na Triplanetary, ingawa matoleo ya vitabu huiweka namba moja. Ilichapishwa 1934 ikiwa hadithi inayojitegemea, kisha Smith akaiongezea sura mwaka 1948 ili iunganike na mfululizo wa Lensman. Sura hizo zinafichua mapema nani yuko nyuma ya adui, siri ambayo vitabu vinne vya awali vinaifunua polepole, tabaka kwa tabaka. Aanze na Galactic Patrol, afuatie Gray Lensman, Second Stage Lensmen na Children of the Lens, kisha ndipo arudi kwenye Triplanetary.